Upepo wa Aliyekaa Nyuma

Mtu akiniambia kwamba raha ya pikipiki ni upepo, huwa namuuliza swali moja tu: ulikuwa umekaa mbele au nyuma? Wengi hucheka, wanadhani natania. Sitanii. Swali hilo nimelilipia, na wangejua nimelilipia nini wasingecheka.

Miaka ya tisini, kabla ya yale mafuriko makubwa, nilikuwa Garissa. Nilikuwa mchanjaji wa mifugo wa serikali, kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka milimani kwenye baridi na ukungu, na nilipoletewa barua ya uhamisho mama yangu alilia kana kwamba nimehukumiwa kifungo. Wenyeji walituita sisi watu wa Kenya, utadhani Garissa iko nchi nyingine. "Umerudi lini kutoka Kenya?" mtu angekuuliza sokoni, tena bila kejeli hata chembe. Kila mtu aliniita daktari ingawa sikuwa daktari. Wala sikuwasahihisha. Nilipenda.

Ofisi ilinipa pikipiki moja na mtu mmoja. Pikipiki ilikuwa ile ya miguu mirefu, ya kupita mchangani, tangi lake limeshika kutu. Mtu alikuwa mkalimani wangu na mkamataji wa mifugo, Msomali wa Kotile, kule kusini upande wa Ijara. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mwembamba, ndevu zake amezitia hina. Nilimwita abti, yaani mjomba, kwa sababu karani wetu alinifundisha kwamba ndilo neno la heshima kwa mtu anayekuzidi umri. Yeye aliniita daktari mbele za watu, na tukibaki wawili aliniita walaal, ndugu.

Sasa habari ya upepo nataka niieleze vizuri, maana ndiyo kesi yenyewe.

Pikipiki ikienda polepole, keti utakavyo, hakuna atakayekusumbua. Ifikishe themanini ndipo utajua upepo una mikono. Ukikaa wima unakusukuma kifuani, shati linajaa, shingo inavutwa nyuma, na mikono yako inang'ang'ania usukani si kuuongoza, ni kujizuia usichukuliwe. Baada ya saa moja vidole havikunjuki. Ukiinama nusu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu upepo unaipiga helmeti na kichwa kinatikisika mpaka meno yanagongana. Lakini ukiinama kabisa, tumbo juu ya tangi, viwiko ndani, kidevu karibu na usukani, ghafla kunakuwa kimya. Upepo unapita juu yako kama haukujui. Mgongo utauma, viganja vitauma, ila kifua kimepona.

Kwetu milimani upepo ni wa baridi, tulikuwa tunatia kipande cha katoni ndani ya koti na safari inaendelea. Upepo wa Garissa ni wa moto. Unakausha macho, unapasua midomo, na ukikosea ukafungua mdomo hutapata mate ya kumeza mpaka ufike kwenye maji. Mimi nikaamua mapema kwamba upepo huo haunipati. Nikawa naendesha nimelala juu ya tangi, kutoka mjini mpaka visimani na kurudi. Watoto wa njiani walinipigia kelele za kunishangilia, nami nikajiona fundi.

Na kasi ilikuwa lazima. Chanjo hukaa kwenye barafu, na barafu ya Garissa haina subira. Isitoshe kulikuwa na vipande vya barabara ambavyo watu walikuambia wazi: hapo pana majambazi, usipunguze mwendo, hata ukiitwa kwa jina lako. Kwa hiyo pale ardhi ilipokuwa ngumu na tambarare, nililala na kufungulia.

Sanduku la barafu nililifunga kwa mipira ya tyubu kwenye keria. Abti alikaa kati ya sanduku na mimi. Nyuma hakuwa na pa kuegemea, ukingo wa sanduku ungemchoma uti wa mgongo. Mbele nilikuwepo mimi, na mimi sikutaka kuegemewa.

Siku ya kwanza kabisa, tumetoka tu mjini, nilihisi kichwa chake kimegusa mgongo wangu. Nilikuwa natokwa na jasho, nina hasira ya joto, nikamsukuma kwa bega.

"Abti, usinilalie, joto hili! Ukibebwa, bebeka!"

Tulipofika akaniuliza maana ya maneno yale, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na ofisini. Nikamweleza: mtu akikubeba, usimletee taabu, tulia ubebwe. Alicheka mpaka akashika magoti. "Ukibebwa, bebeka," akarudia, kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Haye, daktari. Nimesikia." Kuanzia siku hiyo alikaa wima nyuma yangu, mikono juu ya mapaja, kilemba amekizungusha usoni yakabaki macho. Hakuniegemea tena. Miaka mitatu.

Sikuwa mtu mbaya, au labda nilikuwa na sikujua. Tulikula sahani moja. Alinifundisha kunywa chai ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso, alinifundisha kusalimia kwanza habari za watu, kisha za mifugo, kisha za mvua, ndipo useme kilichokuleta. Mara moja mwenye ngamia alinitolea kisu kwa sababu ndama wake alikufa siku mbili baada ya sindano yangu, na abti alisimama kati yetu akaongea kwa muda mrefu, sauti ya chini, mpaka yule mtu akakaa chini akalia. Nilimuuliza alimwambia nini. "Nimemwambia wewe ni mtoto moja tu ya mama yako," akasema. Kwetu tulikuwa saba.

Alikuwa anakohoa. Mwaka wa kwanza kidogo, mwaka wa pili zaidi. Tukishuka kwenye pikipiki alikwenda pembeni, akageukia porini, akakohoa muda mrefu akiwa ameinama, kisha akarudi macho mekundu.

"Vumbi," angesema.

"Abti, hicho kilemba hakikusaidii. Nunua miwani."

"Inshallah."

Nilimnunulia dawa ya kikohozi ya chupa. Nikamtania kwamba jangwa limezaa mtu anayeogopa vumbi. Alicheka na kunywa dawa, na baadaye niliikuta ile chupa imejaa karibu yote. Kwao mtu mwenye kikohozi kibaya hufichwa, au hujificha. Watu hawatakunywa kikombe alichonywea, na binti zake hawataposwa. Yeye alikuwa na binti wawili. Hayo niliyajua baadaye, wakati wa kuyajua ulipokwisha kupita.

Tulikuwa tumekwenda upande wa barabara ya Wajir, siku mbili za kuchanja ngamia. Siku ya pili ngamia dume alijirusha kwenye ua wa miiba tuliowabania, mkono wangu wa kulia ukabanwa kati ya shingo yake na gogo. Haukuvunjika, lakini kuanzia kiwikoni mpaka vidoleni ulivimba na hata kushika kalamu sikuweza. Nitarudi vipi mjini?

"Mimi naendesha," abti akasema.

"Wewe? Tangu lini?"

Kumbe aliwahi kuendesha pikipiki ya mchimba visima mmoja, zamani, kabla mimi sijamaliza shule. Miaka mitatu amekaa nyuma yangu na hakuwahi kulisema. Ningemuuliza kwa nini, lakini jibu lake nililijua: "Hakuna aliyeniuliza."

Basi nikakaa nyuma. Mara yangu ya kwanza kukaa nyuma ya pikipiki ile. Nilimpa helmeti, mimi nikajifunga kilemba chake usoni. Tukaondoka, na baada ya muda nikaanza kukasirika, nikiona barafu itayeyuka yote, maana niliona tunajikokota. Hakukuwa na upepo. Nguo zangu zimetulia, macho hayatoki machozi, nasikia hata mngurumo wa injini vizuri. Nikachungulia juu ya bega lake kuangalia saa ya mwendo nipate kumgombeza.

Ilikuwa inasoma themanini na tano.

Nilipochungulia hivyo, kichwa changu kikatoka nyuma ya bega lake, nikapigwa. Nikakirudisha haraka, nikapata utulivu tena. Ndipo nikaangalia jinsi alivyokaa. Alikuwa wima kabisa. Shati lake limejaa upepo upande wa mbele, mabega ameyapanua, mikono imenyooka. Alikuwa ameuchukua upepo wote kifuani na kuniachia mimi kivuli chake.

Zilipita labda kilomita kumi. Kisha nikampigia kelele sikioni: "Abti! Inama! Inama kama mimi!"

"Hapana!"

"Inama kidogo tu, nataka kuona!"

Hakutaka. Nikamgonga bega mara ya tatu ndipo akainama. Alilala juu ya tangi kama nilivyokuwa nikilala.

Jamani. Ulinipiga upepo ule mpaka pumzi ikakatika. Uliingia chini ya kilemba ukakivua, ukanikausha koo kwa pumzi mbili, changarawe zikanipiga usoni, na mwili wote ukasukumwa nyuma kwenye sanduku mpaka ukingo ukaniingia mgongoni. Nilitafuta cha kushika nisikione. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni mgongo wake tu, na niliuegemea. Bila kufikiri niliuweka uso wangu pale, kama alivyofanya yeye siku ile ya kwanza nilipomsukuma kwa bega.

Yeye hakunisukuma. Akainuka taratibu, akakaa wima, na upepo ukaniacha.

Tuliposimama kwenye kivuli cha mgunga kupumzika nilishindwa kumwangalia. Yeye alikuwa amekwenda pembeni kukohoa, na safari hii nilimfuata, nikaona anachofukia mchangani kwa ncha ya kiatu. Ilikuwa damu.

"Abti, hii ni ya tangu lini?"

Akamalizia kuifukia.

"Na huo upepo. Miaka mitatu! Kwa nini hukuniambia?"

Akajifuta mdomo. Aliniangalia kwa upole, na upole huo ndio ulioniua. "Walaal, ulinifundisha wewe mwenyewe," akasema. "Ukibebwa, bebeka."

Hakuisema kwa uchungu. Alidhani ni adabu ya kwetu, sheria ya watu wa Kenya, kama mimi nilivyokuwa nikifuata zao za kusalimia mifugo kabla ya mvua. Mimi nilikuwa nimetoa kauli ya kijana mwenye hasira ya joto. Yeye aliipokea kama desturi akaitunza.

Nilimpeleka hospitali kesho yake kwa nguvu, nikabaki mlangoni asitoroke. Tabibu alimpima akanitoa nje akaniambia ni kifua kikuu, na kwamba mapafu yameliwa sana, alipaswa kuja zamani. Nilimuuliza kuhusu upepo. Alicheka kwa uchovu. "Ugonjwa huu hauletwi na upepo, bwana. Wewe si umesomea mambo haya?" Nilikuwa nimesomea. Najua kabisa ni vijidudu. Lakini najua pia kifua kibovu kilipigwa upepo mkavu wa kilomita themanini kwa saa, siku baada ya siku, ili changu kizima kisipate tabu. Hakuna tabibu atakayeniondolea hilo.

Alianza dawa. Kwa miezi miwili aliendelea kuja kazini baadhi ya siku, kwa kukataa kwake kukaa nyumbani, na mimi nikawa naendesha wima. Siku ya kwanza niliyokaa wima, naye alibaki wima nyuma yangu, mikono mapajani. Tulikwenda hivyo muda mrefu, kifua changu kinapigwa, macho yanatiririka ndani ya helmeti, na kisha nikahisi paji lake la uso limegusa mgongo wangu, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Nikatulia kabisa nisije nikamwogofya. Akaegemea.

Dawa zilimkuta amekwisha kuchelewa. Siku moja tabibu aliniambia kama ana watu, apelekwe kwa watu wake. Abti alishajua. Alikuwa na jambo moja tu kinywani: Kotile, kwa mama yake. Mama alikuwa hai, mzee sana, hana uwezo wa kusafiri. Alitaka amwone kwa macho na amwombe radhi zake kabla hajafa, na hakutaka kufia Garissa kati ya vitanda vya watu.

Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe, halina injini. Lori la kwenda upande ule lilikuwa limeondoka juzi, na la pili hakuna aliyejua ni lini. Nilimwambia tungoje. Akatikisa kichwa.

"Nipeleke wewe," akasema. "Nyuma yako ni pazuri."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mke wa karani alitupa shuka mbili za kanga, tukamfunga mgongoni kwangu kama mama anavyofunga mtoto, fundo likaja kifuani pangu. Hakuwa na uzito. Nilikuwa nimewahi kubeba mbuzi wazito kuliko yeye. Helmeti nilimvalisha yeye, mimi nikajifunga kilemba chake.

Njia ya Kotile ina mchanga mzito sehemu nyingi, na kwenye mchanga hufiki popote kwa haraka, unapiga miguu chini na kuomba. Lakini palipokuwa pagumu ilinibidi nikimbie, maana jua lilikuwa linapanda na yeye alikuwa anaisha. Nilikaa wima kuliko nilivyowahi kukaa. Nilipanua mabega, nikatoa viwiko nje, nikajaribu kuwa mpana, mimi kijana mfupi wa milimani. Upepo ulinipiga kifuani mpaka fundo la kanga likaniachia alama. Midomo ilipasuka, nikaonja damu yangu. Nikawa nasema kwa sauti, "Njoo! Njoo hapa! Njoo kwangu!" Nilikuwa nauambia upepo. Abti akadhani namuita yeye, akanijibu mgongoni, "Niko, walaal. Niko."

Kila baada ya muda nilimuuliza, "Abti, upo?" Na kila mara, "Niko." Mara moja alichelewa kujibu, nikasimamisha pikipiki katikati ya barabara huku nalia kama mtoto. Alikuwa amesinzia. Akaniuliza kwa nini tumesimama, barafu itayeyuka.

Tulifika mchana. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya mikeka, macho yake meupe kwa uzee. Watu walikuja kunifungua fundo, vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa siwezi. Walimlaza mapajani mwa mama yake. Aliongea naye. Sikuelewa maneno, lakini niliona mkono wa mama unapita kichwani mwake, polepole, tena na tena, na midomo yake inasema ndiyo. Alipata alichokuja kukitafuta. Akafariki asubuhi iliyofuata, jua halijapanda sana, na kabla ya adhuhuri alikuwa amezikwa. Nilibeba jeneza pamoja nao. Waliniruhusu.

Nilipokuja kuaga, mama alinishika mkono hakuuachia. Alisema maneno mengi. Mwalimu wa shule ya pale akanitafsiria.

"Anasema mwanawe alipokuwa akija nyumbani alimwambia habari zako. Alisema, nina daktari wangu kutoka Kenya, ni mfupi lakini mgongo wake ni mpana. Mama, nikikaa nyuma yake, upepo haunipati."

Nikamuuliza mwalimu, "Alimwambia hivyo mwezi uliopita?"

Mwalimu akauliza. Mama akatikisa kichwa, akainua vidole vitatu.

"Hapana. Anasema ni tangu mwaka wa kwanza. Kila alipokuja. Mama alikuwa na wasiwasi na kifua chake, kwa hiyo kila mara alimuuliza kuhusu upepo, na kila mara alimjibu hivyo."

Mama akavuta mkono wangu akaubusu, akanishukuru kwa kumkinga mwanawe. Nilitaka kusema kweli. Haki ya Mungu, neno lilikuwa mdomoni. Nikamwangalia yule mama na macho yake meupe, nikasema, "Amin, mama," nikaondoka.

Nilirudi Garissa peke yangu. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, sanduku halikuwepo, na barabara palipokuwa pagumu nilifikisha themanini. Mgongo wangu ulikuwa baridi pale alipokuwa ameegemea. Ningeweza kuinama, hapakuwa na mtu wa kumkinga. Nilikaa wima mpaka mjini.